Mashine Namba Tatu

Usiniulize kama nilifurahi.
Niulize niliambiwa saa ngapi:
saa kumi na mbili kasorobo, alfajiri isiyo na alfajiri,
maana huku Kemi, Januari, jua ni mgeni
anayechungulia mlangoni akarudi bila kuketi.
Nilikuwa nasugua gundi vidoleni.
Reijo akaja, kofia ngumu kwapani kama mfiwa,
akasema, "Zamu wamempa Helka."

Helka Niskala. Miaka thelathini na minne.
Ni mimi niliyemwonyesha pa kutundika koti.

Mimi Aune, wa mashine namba tatu,
mwaka wa thelathini na moja huu.
Nimefundisha wanaume wanne kuisikiliza:
ikivuma, imeshiba;
ikipiga mluzi, blanketi lake linachanika
upande unaotazama mto,
kimbia.
Wote wanne wakawa wakubwa wangu.
Mmoja alinipa saa ya ukutani kwa shukrani.
Haikudumu.

Niliomba cheo mara mbili. Andika hilo.
Mara ya kwanza walisema watoto wangu wadogo.
Mara ya pili watoto walikwisha kuhama,
wakasema nimebakiza miaka michache.
Kati ya hapo na hapo, sijui ni siku gani
umri wangu ulikuwa sawa.

Tena vyeo havikutolewa ofisini.
Vilipikwa sauna, Ijumaa, baada ya zamu ya mchana,
wanaume uchi juu ya mbao, maji juu ya mawe,
mvuke ukipanda, majina yakipanda nao.
Jumatatu tulisomewa karatasi iliyokwisha kukauka.
Sisi tulikuwa na sauna yetu, Jumatano.
Tulizungumzia magoti.

Siku ya kwanza alivaa koti la aliyemtangulia,
mikono imemzidi, ameikunja mara tatu.
Reijo, kwa upole wa kisu cha siagi:
"Bosi, kahawa imekwisha."
Chumba kizima kikameza mate.
Helka akatazama birika, akamtazama Reijo.
"Naona. Kopo unajua lilipo."
Basi.
Akafungua daftari, akasoma vipimo vya unyevu.

Nilicheka kimoyomoyo,
na humo humo moyoni kitu kikanikata
kama karatasi ikatavyo:
huhisi mpaka uguse chumvi.
Kwa nini yeye. Kwa nini sasa.
Kwa nini ilionekana rahisi hivyo.

Kisha ule usiku wa Februari,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
namba tatu ikapiga mluzi.
Mluzi mwembamba, wa kujifichaficha.
Wanaume wakasema iachwe mpaka asubuhi,
mzigo wa watu unasubiriwa bandarini.
Helka hakuwajibu. Alinitafuta kwa macho,
ng'ambo ya kelele zote zile,
nami nikainua kidole: upande wa mto.
Akabonyeza kitufe chekundu.

Hujui ukimya mpaka uusikie
mashine ya urefu wa mtaa ikinyamaza.
Tuliulaza mkono juu ya blanketi.
Lilikuwa limebaki nyuzi tu.

Mzigo ulichelewa siku mbili.
Barua kali ilikuja, na jina lake juu;
akaisoma amesimama, akaitia mfukoni,
akaandika ripoti yake mistari sita.
Wa nne ulisema:
Hitilafu iligunduliwa na Aune Vaara.
Jina langu, limepigwa chapa,
juu ya karatasi niliyoikunja roli kwa mikono hii.

Simpendi kila siku. Anapenda vikao mno,
na anaita "changamoto" kitu kilichovunjika.
Lakini vyeo sasa vinajadiliwa Alhamisi saa nane mchana,
mezani, mlango wazi,
watu wote wamevaa nguo.

Jana Saimi wa idara ya kufungasha,
mtoto wa juzi, bado anaogopa forklifti,
aliniuliza fomu ya kuomba usimamizi inapatikana wapi.
Nikampa. Nilikuwa nayo kabatini,
ya tatu, sijaijaza.
Akaigeuza, akaona nilikuwa nimeandika jina
nikalifuta.
"Haidhuru," nikamwambia, "andika juu yake.
Kandamiza kalamu."